Namba Tasa na Jirani Zake

Mtu wa Kihesa mwenye miche 12 ya kabichi aweza kuipanda safu 3 zilizo sawa, au safu 4. Akiwa na miche 13 hawezi, ila aipange yote katika mstari mmoja. Namba kama 13, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, shuleni huitwa namba tasa. Jina hili silipendi. Neno tasa limewaliza wanawake wengi vijijini, na hata kwa namba si jina la haki, maana kila namba nyingine ipitayo 1 hupatikana kwa kuzidisha tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Hizo ziitwazo tasa ndizo wazazi.

Tena zina ujirani. Badili tarakimu moja tu ya 13, utapata 17, au 19, au 43, nazo ni tasa. Toka 17 wafika 37, toka 37 wafika 67. Mtu aweza kudhani kila tasa ina jirani wa namna hii. Sivyo. Namba 294001 ni tasa yenye tarakimu 6. Kila moja yabadilika kwa njia 9, jumla njia 54, na katika zote haipatikani tasa hata moja. Ndiyo ndogo kuliko zote zilizo pweke hivyo. Mwaka 1979 Paul Erdős, mwanahesabu wa Hungaria, alithibitisha kwamba namba za jinsi hiyo hazina mwisho.

Basi, upweke huu ni wa namba yenyewe, au tumeivika sisi? Sisi huandika kwa makumi, kama vidole vya mikono. Wayoruba wa Nijeria wana hesabu yao ya kale ya ishirini-ishirini. Tungeandika kwa ishirini, 294001 ingekuwa ishirini mara 14700, na 1 juu yake. Nayo 294013, ambayo ni tasa, ni ishirini mara 14700, na 13 juu yake. Zingetofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu. Kumbe jirani alikuwapo, hatua 12 mbele, ila maandishi yetu yalimficha. Kutogawanyika kwake hakukubadilika. Hata ukihesabu kwa punje za mahindi, ni kule kule.

Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani. Asiyezaa hukosa hata jina la kuitwa kisimani, nasi twasema ni mpweke. Je, kama tungewaita watu kwa majina ya yatima waliowalea, au ya wagonjwa waliowauguza, ni nani kijijini angekosa jirani?