Mabao Manane ya Olunga

Jumapili baada ya ibada vijana wetu hapa Syokimau walibishana kwa geti: nani mkubwa, Olunga au Wanyama? Wa Olunga walikuwa na namba. Novemba 2019 alifunga mabao manane mechi moja, Kashiwa Reysol ikiichapa Kyoto Sanga 13-1. Wanyama je? Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira mbele ya mabeki, na hiyo haiandikwi ubaoni.

Mimi nilisomea biashara, napenda namba. Bao ni bao, silipunguzi. Ila linamhesabu aliyegusa mpira mwisho tu. Kiungo kama Wanyama unamjua siku hayuko, mabeki wakianza kufokeana.

Hapo nikashtuka. Kuna mama hufika kanisani saa kumi na mbili asubuhi kupanga viti. Ripoti yangu ya mwaka ina waliookoka, waliobatizwa, na sadaka. Yeye hayumo. Juzi aliugua wiki tatu, na mimi mchungaji wake nilijua tu nilipokuta viti havijapangwa. Daudi naye alihesabu watu, na Yoabu alikuwa amemwonya.

Jumanne naenda kwake Katani. Anayetaka kuja, tukutane stage saa nane.