Amana ya Barua

Ndugu zangu, Shaaban Robert tunamjua kwa mashairi na vitabu alivyovitunga ili sote tuvisome. Yako maneno yake mengine ambayo hakuyaandikia umma: barua alizompelekea ndugu yake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hadi 1958. Humo tunakutana na mtu wa nyumbani, karani wa serikali mwenye jamaa wa kuwatunza na shida kama zetu. Ulenge alizihifadhi. Mwaka 2002, miaka 40 tangu mshairi afariki, zikatolewa kama kitabu.

Je, ilikuwa haki kuzitoa? Mimi naona ilikuwa haki. Aliyeandikiwa alizitunza miaka yote hiyo, wala hazikutolewa ili kumfedhehesha aliyeandika. Tofauti kati ya kuzitoa hivyo na kuzinadi iko kwenye nia. Mshairi wa Uingereza, John Keats, alifariki Roma mwaka 1821 akiwa na miaka 25. Barua za mwisho alizoletewa na mchumba wake, Fanny Brawne, hakuthubutu kuzifungua kwa uchungu. Akazikwa nazo zikiwa bado zimefungwa. Zile Keats alizomwandikia Fanny, huyu alikaa nazo mpaka alipofariki mwaka 1865. Watoto wake wakazirithi. Mwaka 1878 zikachapishwa, na mwaka 1885 zikanadiwa London, kila mwenye fedha akapandisha bei juu ya machozi ya marehemu.

Wala tusiseme hayo ni ya ng'ambo. Hapa petu Kipini, Tana inakoingia baharini, tunaonyeshwa kaburi la shujaa Fumo Liyongo. Masimulizi yanasema alipofungwa alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake, maneno ameyafumba ndani ya wimbo, walinzi wakayasikia wasiyaelewe. Mama akaoka mkate wa wishwa, ndani ametia tupa. Saada aliyafikisha kama alivyopewa. Lakini siri kwamba sindano ya shaba tu ndiyo ingemwua, Liyongo alimwambia mwanawe wa kumzaa, na mwana akaiuza kwa ahadi za mfalme wa Pate. Kijakazi alitunza, mwana aliuza.

Wazee wetu wengi hawakujua kusoma. Barua ya kijana aliyekwenda Mombasa ikifika, mama aliipeleka kwa mwalimu asomewe. Msomaji akajua nani amefukuzwa kazi, nani ameoa bila kuwaambia wazazi. Kisha akikutana na jirani njiani alimjulia hali tu, akapita. Hakuzuiwa na sheria yoyote. Alizuiwa na haya.

Leo siri zimehamia simuni. Binti anamwandikia mchumba wake usiku. Asubuhi ujumbe ule, umeshapigwa skrinishoti, unazunguka steji ya Garsen huku basi la Lamu likingoja abiria. Mmoja anausoma kwa sauti akiigiza sauti ya kike, wenzake wanacheka. Na sisi tuliosimama kando, tuliorefusha shingo tuone jina, tunajiambia kwamba hatukufanya kitu. Tumefanya, ndugu zangu. Bila masikio yetu yule msomaji asingekuwa na wa kumsomea.

Sisemi kila ujumbe ufichwe. Ukipata wa vitisho, au wa kuwachochea watu wapigane, kuunyamazia ni dhambi. Sisi tuliozika watu katika mapigano ya Tana Delta mwaka 2012 hatuhitaji kuelezwa hilo. Lakini mpelekee chifu, wazee, au polisi, yaani anayeweza kuzuia madhara. Anayeurusha kwenye kila grupu akidai anatahadharisha watu, ajiulize kwanza kama si utamu wa kuwa wa kwanza kusema ndio unaomsukuma.

Ukiletewa ujumbe usiokuhusu, ufute, na umwambie aliyekuletea kwamba kwako hautapita. Aliyeutoa mara ya kwanza ana kazi nzito zaidi. Aende kwa yule binti amwombe radhi kabla hajatafuta maneno ya kujitetea, kisha arudi kwenye kila grupu alikoutuma, akiri kwamba alikosa.