Hofu ya Hemani na Hofu ya Dunguni

Swali linalochunguzwa hapa ni la kale katika falsafa na katika dini, ingawa mahali linapoulizwa ni papya: je, hofu ambayo mtu ameichagua mwenyewe, akailipia, na akahakikishiwa kwamba haitamdhuru, yaweza kumfikisha kwenye kicho, yaani ile hofu yenye heshima ndani yake ambayo wanadini huihesabu kuwa mlango mmojawapo wa kumjua Muumba? Mahali penyewe ni hema la wageni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambamo msafiri hulala usiku kucha pasipo uzio kati yake na wanyama, na kulipokucha husikika akikiri kwamba alijiona mdogo kuliko alivyopata kujiona, au kwamba alisali ilhali si mtu wa kusali. Maungamo ya namna hiyo hayafai kudharauliwa, kwa kuwa anayeyatoa kwa kawaida hana sababu ya kudanganya. Lakini hayafai pia kupokewa bila kupimwa, kwa sababu historia ya dini imejaa watu waliotetemeka kwa dhati na wasibadilike hata kidogo.

Kambi za mahema katika Serengeti hutofautiana sana. Zipo za umma, kama zile za eneo la Seronera, ambako msafiri hupigiwa hema dogo juu ya nyasi na mpishi wa msafara hupikia katika banda lililozungushiwa wavu. Na zipo za kifahari, ambazo mahema yake yana vitanda vya mbao, mazulia, na bafu la ndoo ambayo mhudumu huijaza maji ya moto pindi mgeni anapoomba. Bei zake hazikaribiani, lakini turubai ni turubai, na masharti ni yale yale. Giza likishaingia mgeni hatembei peke yake, bali askari wa kambi mwenye tochi humsindikiza kutoka mahali pa chakula hadi mlangoni pake. Zipu huvutwa hadi chini. Viatu huingizwa ndani, kwa maana fisi huviiba na kuvitafuna. Wala tunda haliachwi hemani, lisije likamvuta tembo. Baada ya hapo usiku huanza kusikika. Turubai huzuia macho lakini haliwezi kuzuia masikio, hivyo mgeni humsikia nyati aking'oa nyasi hatua chache kutoka kwenye mto aliolalia, pumzi yake nzito ikipishana na mkatiko wa majani, na baadaye humsikia simba, ambaye ngurumo yake yaweza kufika kilomita 8, asijue kama yuko ng'ambo ya korongo au nyuma ya choo.

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba usalama wa mgeni huyo hautokani na turubai lenyewe. Mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa daraja la reli katika mto Tsavo nchini Kenya, simba wawili waliwakokota wafanyakazi, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka India, kutoka ndani ya mahema yaliyoshonwa kwa kitambaa kisicho dhaifu kuliko cha leo, na hata maboma ya miiba waliyozungushiwa hayakuwazuia kila mara. Kinachomlinda mgeni wa Serengeti ni mpango mzima uliolizunguka hema: wingi wa mawindo katika mfumo ambao nyumbu peke yao hupita milioni moja, simba waliozoea magari na kambi, askari anayekesha, kanuni zinazofuatwa, na hifadhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763 ambamo hakuna anayelima wala kuchunga. Hema, kwa hiyo, ni taasisi kabla ya kuwa kitambaa. Limepangwa kwa ustadi ili sauti ya hatari iingie na hatari yenyewe ibaki nje.

Wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 18 waliueleza mpango wa aina hii kabla haujakuwapo. Edmund Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1757 kuhusu uzuri na utukufu wa kutisha, yaani sifa ya vitu ambavyo ukubwa au nguvu yake humshinda anayevitazama, alishikilia kwamba hatari ikimkaribia mtu kupita kiasi huwa ni mateso matupu, lakini ikiwekwa mbali kidogo huzaa furaha ya namna ya pekee. Immanuel Kant, mwaka 1790, aliipeleka hoja hiyo mbele: dhoruba, volkano na maporomoko ya maji hutuvutia zaidi kadiri yanavyotisha zaidi, ilimradi tuwe mahali salama, kwa sababu hapo ndipo akili inapogundua ndani yake uwezo ambao maumbile hayawezi kuushinda. Mtu aliyeshikwa na woga halisi, kwa maoni ya Kant, hawezi kabisa kuhukumu juu ya utukufu. Anachotaka ni kukimbia. Kwa kipimo hiki mgeni wa hemani ni mwanafunzi bora wa Kant, maana anatetemeka na bado anasikiliza, na kesho yake atasimulia.

Hata hivyo, kuna jambo linalopaswa kuwatia shaka wanadini katika maelezo hayo, nalo ni kwamba mwisho wa safari ya Kant ni binadamu kujivunia akili yake mwenyewe. Mtaalamu wa dini wa Ujerumani Rudolf Otto, katika kitabu alichokitoa mwaka 1917 kuhusu utakatifu, alikataa kuishia hapo. Kwake yeye, kiini cha dini ni kukutana na siri inayotetemesha na papo hapo ikavutia, na alama ya kukutana huko ni hisia ya kuwa kiumbe tu, mavumbi na majivu mbele ya kilicho juu ya vyote. Mgeni anayesema kwamba alijiona mdogo anakaribia lugha ya Otto kuliko ya Kant, na pengine ndiyo sababu kambi za porini zimekuwa kwa baadhi ya watu wa miji mikubwa kitu kinachofanana na hija.

Lakini aliyeweka kipimo kikali zaidi aliishi karne nyingi kabla yao wote. Mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika ndani ya kitabu chake Ihya sehemu nzima kuhusu khofu na rajaa, yaani hofu na matumaini, ambamo hofu hailinganishwi kwa nguvu ya mtetemeko wake bali kwa kazi inayoifanya. Hofu, asema, ni mjeledi ambao Mungu huwaswagia waja wake waelekee elimu na matendo. Iko hofu iliyozidi mpaka ikaleta kukata tamaa, nayo ni ugonjwa. Iko hofu ya wastani, nayo ndiyo inayosifiwa. Na iko hofu pungufu, inayomjaa mtu anaposikia aya, machozi yakamtoka, kisha sababu yake ikiondoka moyo hurudi katika mghafala uleule wa jana. Ni vigumu kuisoma sehemu hiyo ya tatu bila kuifikiria meza ya kifungua kinywa kambini, ambako simba wa usiku amekwisha kuwa hadithi kabla kahawa haijapoa, na swali linaloulizwa zaidi ni alikuwa karibu kiasi gani.

Mgeni huyo aweza kujitetea kwamba hofu yake haikuwa na tendo la kuelekea, kwa kuwa alikuwa peke yake na maumbile. Utetezi huo haushiki, maana upweke wa Serengeti una tarehe zake. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951 huku Wamaasai wakiishi na kuchunga ndani yake. Mwaka 1958 wazee walitia saini makubaliano ya kuhama, na mwaka 1959 eneo la Ngorongoro likatengwa ili watu na wanyama waishi pamoja, mpango ambao nao umeingia katika mabishano makali tangu mwaka 2022, wakazi wa Ngorongoro walipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni. Katika majabali ya Moru, kusini mwa Seronera, ingalipo michoro ya ngao iliyopakwa na Wamaasai kwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Waliolala pale walilala miongoni mwa simba wale wale, nyuma ya boma la miiba, na ng'ombe wao ndani yake. Hofu yao ya usiku ilikuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu palikuwa na kitu cha kulinda.

Na wapo Watanzania ambao hata leo hulala karibu na simba kwa turubai jembamba kuliko la Serengeti, au bila turubai kabisa. Kusini mashariki mwa nchi, kuanzia Rufiji hadi Lindi na Mtwara, mkulima hujenga dungu, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo na kuezekwa kwa nyasi, ili akeshe humo akilinda shamba dhidi ya nguruwe pori. Humo hulala baba, mara nyingi mama na watoto pia, pamoja na debe la kupiga kelele na moto unaopaswa kuchochewa mpaka alfajiri. Nguruwe huyafuata mazao, na simba, ambaye katika maeneo hayo amepungukiwa mawindo mengine, humfuata nguruwe, na mwisho wa mfuatano huo ni mtu aliyelala. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 hadi 2004 simba waliua zaidi ya watu 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba mashambulizi yalikithiri katika msimu wa mavuno.

Tukizilinganisha hofu hizi mbili, zinafanana kwa yote yanayosikika: giza, ngurumo, na mwili wa mtu uliolala chini ya kifuniko hafifu. Zinatofautiana katika jambo moja ambalo Burke na Kant hawakuliona kuwa la kimaadili, nalo ni nani aliyeuweka umbali kati ya mtu na hatari, na nani aliyenyimwa umbali huo. Zaburi ya 104 inaugawa wakati kwa haki: usiku ni wa wanyama wa mwituni, na simba humwomba Mungu chakula chake, jua likichomoza wao hurudi mapangoni na binadamu hutoka kwenda kazini hadi jioni. Mgeni huivuka mipaka ya mgawanyo huo kwa starehe. Mkulima hulazimika kuivuka kwa sababu kazi yake haikuishia jioni.

Tena mkulima huuliza swali ambalo mgeni haliulizi. Katika sehemu hizo za kusini imeenea imani ya simba wa kutumwa, yaani kwamba si kila simba muuaji ni mnyama tu, bali wengine wametumwa na mtu mwenye kinyongo. Imani hiyo ina hatari yake, kwani huweza kumwangamiza jirani asiye na hatia, na mwenye akili timamu hataitetea kama maelezo ya tabia za simba. Ila imebeba ndani yake dai ambalo falsafa haiwezi kulipuuza: kifo kilichokuja usiku kinataka maelezo ya haki, na kwa hiyo swali sahihi ni nani anahusika. Kitabu cha Ayubu nacho kinamweka mtu aliyefiwa mbele ya simba, punda mwitu na mbuni, na ingawa Mungu hamjibu Ayubu alivyotaka, hamkaripii kwa kuwa ameuliza. Wanaostahili kukaripiwa katika kitabu hicho ni wale marafiki waliokuwa na maneno mazuri juu ya mateso ya mwingine.

Si haki, hata hivyo, kumgeuza mgeni kuwa mkosaji kwa sababu tu ana hema. Ada anazolipa ni sehemu ya kinachowaweka askari porini na nyumbu hai, na kama asingekuja, simba wa Serengeti wasingepata mtetezi bora. Qurani, katika Sura ya 6, aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa umma mfano wa umma wa binadamu, na anayelala akimsikiliza nyati kwa heshima ameanza kuielewa aya hiyo kwa masikio yake. Tatizo ni kuishia kwenye kuanza. Umma mmoja hauwezi kuheshimiwa kwa gharama inayolipwa na maskini wa umma mwingine, halafu heshima hiyo ikaitwa kicho. Kwa kipimo cha al-Ghazali, hofu ya hemani ni ya kweli na ni pungufu, na itaendelea kuwa pungufu mpaka anayeihisi aulize iwapo yuko mtu mwingine, usiku uleule, anayemsikia simba yuleyule bila askari mwenye tochi.

Jibu la dola kwa mtu huyo linajulikana. Sheria ya Tanzania haitambui fidia kwa madhara ya wanyamapori, bali kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa, yaani mkono wa pole usiokiri wajibu wowote. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha mtu aliyeuawa kuwa shilingi 1,000,000. Katika kambi nyingi za kifahari za Serengeti, kwa bei za leo, fedha hizo hazitoshi kumlaza mgeni mmoja kwa usiku mmoja.