Kuvuta kamba: na kamba yenyewe ni nani?

Katika somo la Kiingereza kuna semi ambazo sisi walimu tunazipitisha mbio mbio. Tunaandika kwenye ubao, wanafunzi wanakopi, kengele inalia, imekwisha. Moja ya semi hizo ni jina la mchezo wa kuvuta kamba. Waingereza wanauita « tug of war ». « Tug » ni kuvuta kwa nguvu, « war » ni vita. Jina lile lile wanalitumia tena kwa ugomvi wowote wa pande mbili zinazogombania kitu kimoja: vyama viwili vya siasa, wakubwa wawili wa kampuni, bwana na bibi walioachana.

Siku moja tulikuwa tunafundisha usemi huo katika mwaka wa tano wa sekondari. Tulichora watu huku, watu kule, na kamba katikati. Tukaeleza maana ya kwanza, tukaeleza maana ya pili, tukatoa mfano wa wazazi wanaogombania mtoto. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono: « Mwalimu, batu ba huku tunabaona, batu ba kule tunabaona. Sasa ile kamba, iko nani? » Darasa likacheka. Sisi pia tulicheka. Yeye hakucheka.

Ulizo hilo limetufuata mpaka leo. Je, ni vizuri kuita ugomvi wa kweli kwa jina la mchezo?

Kwanza tuangalie historia ya neno lenyewe. Mtu angefikiri kwamba mchezo ulitangulia, kisha jina lake likaazimwa na ugomvi. Katika Kiingereza ilikuwa kinyume. Mwaka 1677 Nathaniel Lee aliandika mchezo wa kuigiza juu ya Aleksanda Mkuu, na humo maneno hayo yalimaanisha pambano kali lenyewe, bila kamba yoyote. Ni katika karne ya 19 ndipo Waingereza walianza kuyapa mchezo wa kamba. Kwa hiyo neno lilitoka vitani, likaingia uwanjani, na uwanja ukalipoza. Leo mtu akilirudisha kwenye ugomvi, linarudi limevaa nguo za mchezo. Linafanya vita vionekane kama kitu cha kushangilia.

Pili, tuangalie kinachofanya mchezo uwe mchezo. Katika kuvuta kamba kwa mashindano, kila upande una watu 8, na wanapimwa uzito. Kamba ina alama katikati. Mwamuzi ndiye anaamuru kushika, kukaza, kutulia, kuvuta. Kukaa chini kwa kusudi ni kosa, kubana kamba chini ya kwapa ni kosa. Alama ikisogea metre 4, imekwisha. Kisha timu zinabadilishana upande, ili mtu asiseme kwamba udongo wa wenzake ulikuwa mzuri kushinda wake.

Hatusemi kwamba uwanjani hakuna kelele. Mchezo huu ulikuwa katika Olimpiki toka 1900 hadi 1920. Huko London, mwaka 1908, timu tatu za polisi wa Uingereza zilichukua nafasi tatu za kwanza, na Wamarekani walijitoa kwa kulalamika juu ya viatu vizito vya polisi wa Liverpool. Lakini walikuwa na mahali pa kulalamikia, na baada ya kujitoa walirudi kwao salama. Kamba nayo haikuumia.

Kuna hata mahali ambapo kushinda si jambo kubwa. Mwaka 2015 UNESCO iliandika katika orodha ya urithi wa wanadamu desturi za kuvuta kamba za Kamboja, Ufilipino, Korea ya Kusini na Vietnamu. Watu wa huko ni walimaji wa mpunga. Wanavuta pamoja ili kuomba mavuno mema na kukaza umoja wa kijiji.

Sasa turudi kwenye ile maana ya pili. Magazeti ya Uingereza, wazazi wakigombania mtoto, yanageuza kidogo jina hilo na kuweka « upendo » mahali pa « vita ». Linasikika tamu. Lakini hapo mwamuzi ni nani? Alama iko wapi? Itakwisha lini? Na zaidi ya yote, kamba ina damu.

Nyuma tulikuja kujua habari za yule kijana. Baba yake hakumaliza mahari. Kwa makabila mengi ya kwetu, mahari ndiyo inamuingiza mtoto katika ukoo wa baba. Basi wajomba walisema: « Ng'ombe hazijafika, mutoto ni wetu. » Baba naye alisema: « Jina ni langu, damu ni yangu. » Kila muhula kijana alihamishwa nyumba. Madaftari yalibaki huku, nguo zilibaki kule. Kwa minervali, huku walisema kule watalipa, kule walisema huku watalipa. Na sisi? Tulisimama mbele ya darasa na kusoma jina lake katika liste ya wale wanaorudishwa nyumbani. Nyumba gani? Hatukumuuliza. Alimaliza mwaka kwa shida, na mwaka uliofuata hatukumuona tena.

Wazee wetu walisema: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tuitazame vizuri hii methali. Tembo wametajwa, na nyasi zimetajwa pia. Lakini ule usemi wa Kiingereza unahesabu wavutaji peke yao. Nasi tunaposema « kuna mvutano kati ya koo mbili », tunafanya kosa lile lile: tunauliza nani ana nguvu, hatuulizi nani anakatika.

Wengine watatujibu: jina ni jina tu, haliui mtu. Ni kweli, jina haliui. Lakini jina linaonyesha macho mahali pa kutazama. Ukisikia mchezo, unatafuta mshindi.

Wengine watasema: basi, mmoja aachilie. Kila msomaji anakumbuka hukumu ya Sulemani: mama wa kweli alikubali kumpoteza mtoto kuliko aone anakatwa. Jibu hilo ni zuri, lakini tusilitumie ovyo. Kule kulikuwa na Sulemani aliyeona nani aliachilia na kwa sababu gani. Pasipo mwamuzi, anayeachilia kwa upendo anaweza kumuachia mtoto mtu mwenye mikono migumu. Kwa hiyo kuachilia kunahitaji baraza, na baraza linahitaji kumsikiliza mtoto. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka vilevile: katika kila uamuzi unaomhusu, faida yake itangulie. Mila ya mahari iliwekwa ili kuunganisha koo mbili. Hatuamini kwamba wazee waliiweka ili mtoto awe deni.

Tangu siku ile hatuupitishi usemi huo mbio mbio tena. Tunawaambia wanafunzi: mukisikia mahali popote kwamba watu wanavutana, ulizeni mambo matatu. Mwamuzi ni nani? Alama iko wapi? Na kamba, iko nani? Ikiwa kamba ni kamba, vuteni kwa nguvu, mucheke, murudi nyumbani. Ikiwa ni mtu, ule si mchezo tena, hata kama Kiingereza kinauita hivyo.

Ulizo la tatu si letu. Tulifundishwa na mwanafunzi, na tulilielewa kwa kuchelewa.