Je, Kupatanisha ni Kuiacha Haki?

Ndugu wasomaji, watu wawili wakija mbele yako, kila mmoja akiapa kwamba shamba ni lake, utafanya nini? Kwetu Masisi na Walikale swali hili si la kuchezea akili. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Maelfu walikufa, na wengine wengi wakakimbia. Ugomvi wa udongo ulikuwa mzizi mmoja wa mabaya yale. Tangu hapo vita vingine vimepita, na mara nyingi anayerudi kwake hukuta mwingine amepanda maharagwe penye kiwanja chake.

Mtu atasema: «Kuna tribinali.» Ni kweli, lakini tribinali ni mbali na gharama ni kubwa. Tena sheria yenyewe ina pengo. Sheria ya 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wanakijiji juu ya mashamba ya mababu. Ikapita miaka zaidi ya arobaini bila amri hiyo kutoka. Basi huyu ana neno la mwami na ushuhuda wa majirani, yule ana karatasi ya mjini. Ndiyo sababu watu wa vijiji wamefundishwa kazi ya upatanishi. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa, lilianza kazi hiyo katika Kivu Kaskazini mwaka 2009.

Mimi nilidhani kazi hii ni nyepesi. Shauri langu la kwanza lilikuwa la mjane aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi. Shamba la marehemu mume wake alilikuta mikononi mwa mtu aliyelinunua kwa shemeji yake. Niliwasikiliza wote wawili pamoja kwa saa moja, nikaligawa shamba katikati. Wakapeana mikono. Nikarudi nyumbani nikijisifu moyoni.

Siku ya pili mzee mmoja akaniita kando. «Mwalimu,» akasema, «yule mama umemnyang'anya nusu, tena ukangoja akushukuru.» Nikamjibu: «Mzee, si alikubali mwenyewe?» Akasema: «Alikuwa peke yake, na mwenzake alikuja na ndugu sita. Wewe ungekataa?»

Neno hilo liliniuma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilidhani amani ni watu kunyamaza. Lakini aliyenyamazishwa hajapatanishwa; amebeba ugomvi wake kwenda nao nyumbani, na watoto wake wataurithi.

Tukaanza upya. Safari hii nilimsikiliza kila mmoja peke yake, tena katika lugha yake, si katika Kiswahili changu. Nilirudia maneno yake mpaka aliposema: «Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema.» Ndipo tukaenda shambani pamoja na wazee na majirani, tukauzunguka mpaka kwa miguu, mti kwa mti. Nilikoma kuuliza «unadai nini?» nikauliza «unahitaji nini ili upate kuishi?»

Ukweli ukaonekana. Shemeji aliuza kisicho chake. Mnunuzi naye alidanganywa. Alikuwa ametoa mbuzi wake wote, na maharagwe yalikuwa karibu kukomaa. Basi tukasema waziwazi mbele ya wote: shamba ni la mama. Baadaye wao wenyewe wakapatana kwamba mnunuzi avune kwanza ndipo atoke, na shemeji amrudishie mbuzi kidogo kidogo. Tukaandika, tukasoma kwa sauti, mashahidi wakatia sahihi, kila upande ukapewa karatasi yake.

Tazameni tofauti. Mara ya kwanza niliipima haki kwa kamba, nusu kwa nusu. Mara ya pili haki ilisemwa kwanza, kisha huruma ikatafuta namna ya kuitimiza bila kumwangamiza mkosaji wala aliyedanganywa. Hakimu anaweza kuishia penye hukumu. Mpatanishi hawezi, maana wale watu watachota maji kwenye kijito kimoja kesho.

Lakini upatanishi una mipaka yake, nao wajibu wetu ni kuijua. Mauaji na kubaka si mashauri ya kumalizwa kwa mbuzi. Sheria ya mwaka 2006 yasema wazi kwamba mashtaka ya ubakaji hayafutwi kwa kulipa faini. Vilevile, mmoja akija na wenye bunduki nyuma yake, mpatanishi na aseme: «Leo hatuketi.» Mapatano yaliyofanywa kwa hofu ni unyang'anyi uliotiwa sahihi.

Basi kupatanisha si kuiacha haki. Anayeiacha haki ni yule mwenye haraka ya kusifiwa kuwa mtu wa amani, kama nilivyokuwa mimi. Ndugu wasomaji, mkiitwa kuketi kati ya majirani wawili, msiulize kwanza mtagawaje. Mtafuteni kwanza yule aliyenyamaza, mkae naye, mkamsikilize.