Gideoni Naye Aliogopa

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la hapa Bungulu, mjini Beni, mhubiri alitutolea mawaidha juu ya Gideoni na wale watu wake 300 waliolitia kiwewe jeshi la Midiani kwa tarumbeta, mitungi na mienge; na alipokwisha kutusisimua, akawageukia kina mama wakulima waliokaa safu za nyuma, akawaambia ya kwamba mtu aliyeliacha shamba lake la Mayangose kwa kuwahofu waasi ni mtu wa imani haba. Wengine waliitikia amina. Mama mmoja jirani yangu, ambaye kakao yake imeivia mtini hata ikaoza kwa kukosa mvunaji, aliinamisha kichwa, na tangu saa ile moyo wangu haujatulia.

Sikatai ya kwamba Gideoni ni shujaa. Ila madhali tumeazimia kumsoma, na tumsome tangu sura ya sita ya kitabu cha Waamuzi, ambapo twaarifiwa kwamba kwa muda wa miaka saba kila Waisraeli walipopanda mbegu, Wamidiani waliwajia na ngamia zao wakayateketeza mazao, hata wenye nchi wakafanya mapango kuwa maskani yao. Na kwamba malaika hakumkuta Gideoni uwanjani ameshika upanga, bali alimkuta Ofra, amejificha katika shinikizo la zabibu, akipura ngano kwa siri ili adui asiione. Hapo hapo mafichoni ndipo alipoitwa shujaa. Sisi wa Beni, ambao tunazika watu wetu tangu Oktoba 2014, na ambao Agosti 2016 tuliyaona mauaji ya Rwangoma, hatuhitaji mfasiri wa sura hiyo. Twawajua wanaoishi vivyo hivyo: waendao shambani kwa makundi, waulizao kwanza waendesha pikipiki habari za njia, wavunao upesi wakarudi jua lingali juu, tena huzidisha hadhari msimu wa kakao, maana mnyang'anyi naye ana kalenda yake.

Wala hofu ya Gideoni haikumtoka mara moja. Madhabahu ya Baali aliibomoa usiku, kwa kuwaogopa jamaa za baba yake na watu wa mji. Ishara ya ngozi ya kondoo aliiomba mara mbili, na hakukemewa. Walipokusanyika watu 32,000 kwenda vitani, wenye hofu walipewa ruhusa ya kurudi makwao, wakarudi 22,000, na Maandiko hayawatupii hata neno moja la lawama. Kisha liko lile ambalo mhubiri wetu alilipita mbio: usiku ule ule wa vita Mungu alimwambia Gideoni kwamba, ikiwa anaogopa, ashuke kwanza kambini mwa Wamidiani pamoja na Pura mtumishi wake, akasikilize wanayoyasema. Naye akashuka! Basi alikuwa akiogopa, akafuatana na mwenziwe, na akatafuta habari kabla ya kuondoka.

Najua nitajibiwa: Bwana we, ukiwahalalishia watu hofu, mashamba yote yatabaki mikononi mwa waasi, na watoto watakufa njaa hapa mjini. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa njaa nayo huua, na hata operesheni ya majeshi ya Kongo na Uganda, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021 ikapewa jina hilo hilo la Shujaa, haijayakomesha mauaji. Lakini aghalabu mwenye hoja hiyo ni mtu ambaye riziki yake haitoki shambani. Gideoni alipokwisha kuwagawia wale 300 tarumbeta, aliwaambia wamtazame yeye, na atakalolitenda walitende, kisha akaenda pamoja nao hata ukingoni mwa kambi; hakubaki mlimani akiwahimiza.

Rai yangu ndiyo hii, na atakayekasirika na akasirike: hana haki ya kumwita mkulima wa Mayangose mtu wa imani haba ila yule atakayeamka naye alfajiri, akajitwika kitunga, akashika panga, akatangulia njiani. Jirani yangu na wenzake wangali wakiuliza habari za njia. Siku watakayoambiwa kuwa ni shwari watakwenda, na wamenihakikishia kwamba nafasi ya mhubiri ipo.