Utakatifu wa Siku

Siku ni chombo, na chombo husifiwa kwa kilichomo. Hata hivyo ziko siku ambazo watu huziheshimu kabla ya kutia kitu ndani yake. Krismasi ni mojawapo. Yafaa tujiulize: je, iko siku iliyo takatifu kuliko nyingine, au utakatifu wa siku hutokana na matendo ya watu walioipokea?

Swali hili liliulizwa kwa ukali huko Uingereza, katika karne ya 17, na Wakristo waliojiita Marafiki, au Quaker kwa jina walilopewa na wengine. Wao waliamini kwamba kila siku ni ya Mungu, wala hakuna siku iliyopewa heshima ili nyingine zikose. Basi, wakati watu walipofunga kazi kwa ajili ya Krismasi, Marafiki walifungua maduka yao kama kawaida. Hata majina ya siku waliyakataa, kwa sababu yalitokana na miungu ya kale. Wakazihesabu Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, na kuendelea. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana, maana sisi nasi tunahesabu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Wala hawakuwa peke yao. Kanisa la Scotland, ambalo wamisionari wake walijenga Tumutumu katika nchi ya Nyeri, nalo lilikuwa na shaka kwa muda mrefu juu ya sikukuu hiyo. Krismasi haikuwa siku ya mapumziko kwa watu wote wa Scotland mpaka mwaka 1958.

Mtu aweza kudhani kwamba watu wa namna hii walikuwa wakavu wa moyo. La hasha. George Fox, aliyezaliwa mwaka 1624 na ambaye ndiye kiongozi wa kwanza wa Marafiki, ameeleza habari zake za ujanani. Krismasi ilipofika na wengine wakawa katika karamu na michezo, yeye alikwenda nyumba kwa nyumba akiwatafuta wajane maskini na kuwapa fedha. Alikataa kelele za siku. Hakukataa wema wake.

Lakini hoja ya Marafiki ina hatari yake pia. Asemaye kwamba siku zote ni sawa aweza kuishia kutoheshimu hata moja. Mwanadamu ni msahaulifu. Mkulima hujua kwamba shamba lahitaji jembe mwaka mzima, lakini asipojiwekea siku ya palizi, magugu humshinda. Vivyo hivyo moyo wahitaji siku ya kukumbushwa.

Marafiki wa Kenya, nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani, wameshika njia ya katikati. Imani yao ilifika Kaimosi mwaka 1902, ikiletwa na Wamarekani watatu, Hotchkiss, Hole na Chilson. Hawabatizi kwa maji wala hawagawi mkate na divai, kwa kuwa kwao ibada ya kweli ni ya ndani. Hata hivyo wengi wao hukusanyika siku ya Krismasi wakaimba, wakaomba, wakasikiliza neno, kisha wakala pamoja. Wameitoa siku katika ushirikina wa tarehe, wakaacha mambo mawili: sala na ushirika.

Sala ni rahisi kuisifu. Ushirika ni mgumu kuutenda. Tumfikirie fundi kutoka Vihiga anayefanya kazi Skuta, karibu na mji wa Nyeri. Mwezi wa Desemba nauli hupanda, na mshahara wake hautoshi kumfikisha kwao. Asubuhi ya sikukuu anasikia nyimbo katika nyumba za jirani na kunukia nyama isiyo yake. Lugha yake ya nyumbani si ya watu wa hapo. Kwake yeye siku hiyo si takatifu; ni ndefu tu. Jirani aliyetoka kanisani akampita mlangoni bila kumwita ameishika tarehe, akaiacha sikukuu nje. Lakini aliyebisha hodi akasema, "Karibu, ndugu, tule pamoja," ameiadhimisha, hata kama mezani pana githeri tupu.

Nanyi vijana, msizipime sikukuu kwa nguo mpya wala kwa wingi wa vyakula. Zipimeni kwa siku inayofuata. Ikiwa tarehe 26 Desemba ugomvi wa jana ungali ugomvi, na mpweke wa jana angali mpweke, basi siku kuu ilipita mahali hapo bila kukaribishwa. Ikiwa jirani mmoja amepata ndugu, mwaka wote uliobaki umepata sehemu yake ya utakatifu. Mungu hakosi siku. Sisi ndio tunaokosa watu wa kuzitumia vema.